Mkono wa gia unaochoma: uchambuzi wa kisa cha joto la giabokisi na kabini katika gari la 4x4

Usuli

Gari la kisa hiki ni la dizeli, lenye turbo, chesi ndefu, gia otomatiki za hatua nne, na transfakesi, yaani kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, chenye nafasi ya 4H (ya kasi) na 4L (ya nguvu, mwendo mdogo), inayobadilishwa kwa mkono mdogo ulio pembeni ya mkono wa gia. Mwenye gari, eneo, aina ya gari na majina ya waliohusika vimeondolewa. Vipimo vimeachwa jinsi vilivyoandikwa wakati wa majaribio.

Lilikuwa limepita kilomita 200,000 na lilitumiwa na timu ya upimaji wa ardhi. Safari ya kawaida ilianza na lami, ikaingia njia ya mchanga, ikaishia kwenye makorongo, na nyuma kulikuwa na trela lenye tangi la maji. Kadiri miaka ilivyokwenda liliongezewa winchi, bampa nzito na taa nne kubwa za duara zilizofungwa mbele kabisa ya grili. Kila kifaa kilikuwa na sababu yake, na kila kimoja kilikula sehemu ya njia ya hewa.

Mambo mawili zaidi hayakuwa kwenye daftari la gari, na tuliyapata kwa kuuliza tu. Bomba la moshi liliwahi kugonga jiwe likapinda, likakatwa na kuchomelewa upya. Na baada ya gari kuvuka mto maji yakaingia ndani, sponji nene iliyo chini ya zulia ilitolewa ianikwe, haikurudishwa.

Dalili, kwa mpangilio zilivyokuja

Malalamiko ya kwanza yalikuwa ya starehe, na ndiyo maana hayakusikilizwa. Dereva alisema kisanduku cha katikati ya viti kinachoma, goti lake la upande wa gia linapata joto, na chupa ya maji aliyoiweka pale ililegea mpaka ikaanza kuinama. Abiria wa mbele walisema kiyoyozi kinapoa vizuri asubuhi kwenye lami, lakini gari likianza kutambaa mchangani kinapuliza hewa ya uvuguvugu. Kitufe cha kuzungusha kutoka baridi kwenda moto kilikuwa kigumu, kikifika mwisho kinarudi kidogo chenyewe.

Halafu ikaja dalili ambayo haikuweza kupuuzwa. Gari likiwa mchangani na trela, transfakesi ikiwa 4H, gia kwenye D na mwendo chini ya kilomita 15 kwa saa, taa ya joto la mafuta ya gia iliwaka kwenye dashibodi. Dereva akasimama, akazima injini, akafungua boneti. Alipowasha tena baada ya muda, taa ilikuwa imezimika, akaendelea. Hakufika mbali ikawaka tena. Safari hiyo ilikamilika kwa kusimama na kuzima, kusimama na kuzima, huku harufu ya mafuta yaliyoungua ikiingia ndani ya gari. Siku zilizofuata gia ikawa inachelewa kuingia kutoka ya pili kwenda ya tatu mafuta yakishapata moto.

Gereji, awamu ya kwanza na ya pili

Fundi wa kwanza alisikia neno "joto" na mchawi akawa rejeta. Themostati ikabadilishwa, rejeta ikasafishwa ndani, maji mapya yakawekwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu kipozeo kikuu cha mafuta ya gia kwenye gari hili kimo ndani ya tangi la chini la rejeta, na maji ya injini yakizidi moto mafuta ya gia nayo hayapoi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepima joto la maji. Kila mtu aliangalia mshale wa dashibodi, ukawa katikati. Kwenye magari mengi mshale huo umetengenezwa ukae katikati maji yakiwa popote kati ya digrii 80 hivi na zaidi ya 100, ili dereva asibabaike kila mlima. Hauwezi kukuambia kama maji yako 85 au 102, na kwa mafuta ya gia tofauti hiyo ni kubwa.

Taa ikaendelea kuwaka. Awamu ya pili, fundi mwingine alipima mafuta ya gia asubuhi, gari likiwa halijawashwa tangu jana, akaona yako chini ya alama ya HOT, akajaza mpaka yakafika. Hapa hali ilizidi kuwa mbaya, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu bado naiona gereji nyingi.

Kijiti cha kupimia mafuta kwenye giabokisi hii kina alama mbili, COLD na HOT. Kipimo cha HOT husomwa mafuta yakiwa kwenye digrii 70 hadi 80, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiunguruma, mkono wa gia umepitishwa nafasi zote kisha ukarudishwa P. Mafuta yakipata moto yanapanuka. Ukijaza mpaka HOT yakiwa baridi, yakipata moto yanapanda mpaka yanafikia sehemu zinazozunguka ndani ya giabokisi, nazo zinayapiga kuwa povu. Povu halishiki shinikizo. Klachi za ndani zinakosa nguvu ya kubana, zinateleza, na kuteleza kunazalisha joto jingine. Mafuta ya ziada yakatafuta njia ya kutokea kwenye tundu la kupumulia la giabokisi, yakadondokea bomba la moshi. Harufu ikaongezeka, na mara moja moshi ukaonekana ukipanda kutoka sakafuni. Mafuta ya gia juu ya bomba la moshi lenye moto ni hatari ya moto wa kweli, si usumbufu wa harufu, na gari lilipaswa kusimamishwa siku hiyohiyo. Halikusimamishwa.

Awamu ya tatu: vipimo kabla ya spana

Nilipoitwa, msimamizi wa magari alikuwa tayari ameshaandika ombi la kununua kipozeo kikubwa cha ziada. Nilimwomba asubiri. Mpaka hapo kila mtu alikuwa anapiga ramli: joto ndani ya gari na joto la giabokisi yalichukuliwa kuwa kitu kimoja kwa sababu yote mawili yanasikika mahali pamoja, pale kwenye mkono wa gia. Swali la kwanza lilikuwa kama kweli ni kitu kimoja.

Kwanza tulitoa mafuta ya ziada mpaka kipimo cha moto kikawa sahihi na tukafuta mafuta yote yaliyomwagikia bomba. Kisha tukafunga kipimajoto cha waya kwenye paipu ya mafuta inayotoka giabokisi kwenda kwenye kipozeo, na kingine kwenye paipu ya kurudi. Ndani ya gari tulitumia kipimajoto cha miale ya infraredi. Kifaa hiki kinadanganya kwenye chuma kinachong'aa. Kinaonyesha joto dogo kuliko lililopo. Kichwa cha mkono wa transfakesi kilikuwa na nikeli, kikatupa digrii 36 wakati mtu hawezi kukishika. Tulibandika kipande cha utepe mweusi usiong'aa, tukapima juu yake, kikasema 57. Anayetumia kifaa hicho bila utepe kwenye sehemu za nikeli au alumini anajipotosha.

Gari liliendeshwa kwenye hali tatu, trela likiwa nyuma, hewa ya nje ikiwa digrii 34.

Lami, mwendo wa kilomita 80 kwa saa: mafuta yanayotoka giabokisi digrii 88, kisanduku cha katikati 58.

Mchanga, 4H, mwendo wa kutambaa: mafuta 137 na bado yanapanda tulipoamua kusitisha, kisanduku 63.

Mchanga uleule, 4L, mwendo uleule: mafuta 104, kisanduku 61.

Soma namba hizo mara mbili. Mafuta ya gia yalipanda kwa karibu digrii 50 kutoka lami hadi mchangani, lakini kisanduku cha katikati kilipanda kwa 5 tu. Na kwenye lami, ambako giabokisi ilikuwa na afya kabisa, kisanduku tayari kilikuwa kinachoma. Joto linalomchoma dereva mkononi halikuwa likitoka kwenye mafuta ya gia. Lilikuwa na chanzo chake, na kingechoma hivyohivyo hata kama tungefunga vipozeo vitatu.

Chini ya gari na nyuma ya dashibodi

Tulipoliinua, chanzo cha joto la kabini hakikuhitaji utafiti. Bomba la moshi lililochomelewa lilipita vidole viwili tu kutoka kwenye bati la sakafu, chini kabisa ya kisanduku cha katikati. Bati la kuzuia joto ambalo kiwandani hufungwa kati ya bomba na sakafu halikuwepo. Zilibaki bolti mbili zenye kutu. Bomba la dizeli yenye turbo likifanya kazi nzito hupita digrii 300 kwa urahisi. Juu ya bati hilo la sakafu palikuwa na zulia tupu bila sponji. Mpira unaofunika shina la mkono wa transfakesi ulikuwa umepasuka upande wa mbele, upana wa kupitisha kidole gumba, na hewa ya moto pamoja na vumbi vilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kisanduku. Vumbi lenyewe lilikuwa limechora mstari mwekundu ndani ya plastiki kuonyesha lilikopita.

Kitufe kigumu cha joto nacho kilikuwa na hadithi yake. Waya unaotoka kwenye kitufe kwenda kwenye valvu ya hita ulikuwa umechomoka kwenye klipu yake. Ukizungusha kitufe mpaka baridi, kifuniko cha waya kinasogea badala ya waya wenyewe, na valvu inabaki nusu wazi. Kuthibitisha ni rahisi: injini ikiwa na moto na kitufe kikiwa baridi, shika mpira wa maji unaotoka kwenye valvu kuingia kwenye hita. Ukiwa wa baridi, valvu imefunga. Huu ulikuwa haushikiki. Maana yake ni kwamba kiyoyozi kilipoza hewa, kisha hewa hiyohiyo ikapitishwa kwenye rejeta ndogo yenye maji ya moto kabla ya kumfikia abiria.

Bado kuna swali: kwa nini asubuhi kwenye lami kiyoyozi kilijitahidi, kikashindwa mchangani? Hapo ndipo joto la kabini na joto la giabokisi yanapokutana. Mbele ya gari kuna kondensa ya kiyoyozi, kipozeo kidogo cha mafuta ya gia, kisha rejeta, vyote vikipitiwa na hewa ileile. Kwenye lami hewa inasukumwa na mwendo. Kwenye kutambaa inavutwa na feni peke yake. Feni ya gari hili ina klachi ya silikoni inayopaswa kubana joto likipanda. Injini ikiwa na moto na imezimwa, tuliizungusha feni kwa mkono: ilizunguka huru bila ukinzani wowote. Klachi ilikuwa imekufa. Na kati ya kondensa na rejeta palikuwa na tabaka la tope kavu na mbegu za nyasi ambalo huwezi kuliona kutoka mbele wala nyuma mpaka ulegeze kondensa na kuivuta mbele. Feni ilikuwa ikivuta pumzi kupitia blanketi.

Joto la giabokisi linazaliwa wapi

Kabla ya maamuzi, msimamizi alitaka kujua kwa nini 4H na 4L zitofautiane kwa digrii 33 wakati gari, mzigo na mchanga ni vilevile. Jibu limo ndani ya toki konvata, chombo kilicho kati ya injini na gia ambamo pangaboi moja linasukuma mafuta na jingine linasukumwa na mafuta hayo. Hakuna chuma kinachoshikana na chuma, isipokuwa klachi ya kufunga ambayo kwa mwendo mdogo haifungi. Nguvu inayopotea kwa tofauti ya mzunguko kati ya mapangaboi hayo mawili inageuka joto la mafuta. Gari likiwa limekwama kabisa huku injini inavuta, nguvu yote ya injini inaingia kwenye mafuta.

Chukua mfano wa injini inayotoa kilowati 40 huku toki konvata ikifikisha asilimia 60 tu kwenye gia. Kilowati 16 zinabaki kwenye mafuta, sawa na hita nane za umeme za kilowati 2 zikiwaka ndani ya chombo kimoja. Lita 8 hivi za mafuta zinahitaji takriban kilojuli 14 kupanda digrii moja. Ukiacha kando chuma kinachofyonza sehemu ya joto hilo, mafuta yasiyopozwa yanapanda zaidi ya digrii 1 kila sekunde.

Ukiweka 4L, transfakesi inapunguza mzunguko kwa uwiano wa takriban 2.5. Kwa mwendo uleule wa tairi, shafti ya giabokisi inazunguka mara mbili na nusu zaidi, na mzigo unaorudi kwenye toki konvata unapungua kwa kiasi hichohicho. Mapangaboi yanakaribiana kwa kasi, kuteleza kunapungua. Madereva wengi huiweka 4L kiporo kwa ajili ya kukwama. Kwa gari la otomatiki lenye trela, 4L ndiyo gia ya kuingilia mchangani.

Kuhusu kiwango cha hatari, mafundi wa gia otomatiki hutumia kanuni ya makadirio: juu ya digrii 80 hivi, kila ongezeko la digrii 10 au 11 linapunguza maisha ya mafuta kwa nusu. Karibu na 120 mafuta yanaanza kuacha utando wa kahawia kwenye valvu, na zaidi ya hapo sili za mpira zinakakamaa. Gari hili lilikuwa likifika 137, tena mara kwa mara.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutofungua giabokisi. Fundi wa awamu ya pili alitaka ishushwe. Tulishusha sampu tu, yaani karai la mafuta lililo chini ya giabokisi. Mafuta yalikuwa ya kahawia iliyokolea na yananuka kuungua, lakini sumaku ilikuwa na unga laini wa kijivu unaoonekana kwenye giabokisi yoyote yenye umri, na hapakuwa na vipande vya pleti za klachi wala vipande vya chuma. Tulibadilisha chujio na kumwaga mafuta kwa awamu, kila baada ya safari fupi, kwa sababu ukifungua sampu hutoki na mafuta yote. Mengi yanabaki ndani ya toki konvata. Mashine ya kusukuma mafuta kwa nguvu tuliikataa. Hapa mafundi hawakubaliani, na sitajifanya mjadala umekwisha. Kwa giabokisi iliyoungua na isiyojulikana ndani ikoje, niliona ni heri kwenda taratibu kuliko kuamsha uchafu uliolala na kuupeleka kwenye valvu.

Bati la kuzuia joto lilitengenezwa upya, likaning'inizwa lisiguse bomba wala sakafu, likiwa na nafasi ya hewa pande zote mbili. Ni nafasi hiyo inayofanya kazi. Bati lililobanwa kwenye sakafu linapitisha joto tu. Pendekezo la kuzungushia bomba kitambaa cha kuzuia joto lilikataliwa. Kwenye gari linalovuka tope na lililowahi kumwaga mafuta, kitambaa kinanyonya vyote viwili: maji yanaozesha bomba na mafuta yanasubiri kuwaka. Mpira wa mkono wa transfakesi ulibadilishwa na sponji ikarudi chini ya zulia. Waya wa hita ulirudishwa kwenye klipu na kurekebishwa urefu, kazi ya dakika chache ambayo ilimaliza lalamiko lililovumiliwa kwa muda mrefu.

Mbele ya gari, kondensa ilisogezwa, mapezi (vibati vyembamba vya kupoza) yakasafishwa kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Maji ya nguvu yanakunja mapezi na kufunga njia kabisa. Taa mbili kati ya nne zilihamishiwa kwenye keria. Klachi ya feni haikupatikana mara moja, na hapo msimamizi alirudi kwenye ombi lake la kipozeo kikubwa. Nilibaki na msimamo: kipozeo kikubwa mbele ya feni isiyovuta hewa ni uzito wa ziada tu. Alikubali kwa sharti kwamba tutapima tena baada ya feni, naye aamue kwa namba.

Mwisho, utaratibu wa dereva. Mchangani, 4L tangu mwanzo. Upepo wa tairi ushushwe kutoka 35 hadi 18 psi, kwa mwendo mdogo, na urudishwe kabla ya lami. Mkono wa gia ufungwe kwenye 2 ili giabokisi isihangaike kupanda na kushuka. Taa ikiwaka, simama mahali salama, vuta breki ya mkono, weka kigingi kwenye tairi, gia kwenye N, injini iungurume kwa mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Usizime.

Dereva alibisha hapo. "Fundi, gari linaungua halafu unaniambia niliache linaunguruma?"

Hoja yake ni ya asili kabisa, na ilistahili jibu. Pampu ya mafuta ya gia inazungushwa na injini. Ukizima, mafuta yanasimama pale yalipo, yakiwa na moto uleule, ndani ya toki konvata. Kitambuzi cha taa kwenye gari hili kimo kwenye paipu nyembamba ya kutokea, na paipu inapoa mapema. Kwa hiyo ukiwasha swichi unaona taa imezimika, unaamini yamepoa, na dakika chache baadaye mafuta ya moto yanafika kwenye kitambuzi. Ndicho kilichotokea ile safari ya kwanza. Tulichagua N badala ya P kwa sababu baadhi ya giabokisi hazisukumi mafuta ya kutosha kwenye kipozeo zikiwa P. Utaratibu huu una mpaka: kama kuna mafuta yanayodondokea bomba la moshi au moshi unaonekana, unazima na unashuka.

Matokeo

Kabla ya klachi ya feni kupatikana, mchanga uleule kwa 4L na tairi zilizoshushwa ulitoa mafuta ya digrii 99. Kisanduku cha katikati kilikuwa 41. Kiyoyozi kilikuwa bora kuliko awali lakini bado hakikuridhisha kwenye kutambaa, kikitoa hewa ya digrii 17.

Baada ya klachi mpya ya feni, mafuta yalikaa 93, kisanduku 39, na hewa ya kiyoyozi ikashuka hadi 10. Ombi la kipozeo kikubwa liliondolewa na msimamizi mwenyewe. Badala yake alinunua kipimo cha joto la mafuta ya gia chenye namba, kikafungwa kwenye dashibodi.

Lililobaki ni ile gia ya tatu. Kuchelewa kulipungua sana baada ya mafuta mapya, lakini hakukuisha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko kingine chochote ni kupima sehemu mbili kwa wakati mmoja katika hali tatu tofauti. Kipimo kimoja cha mafuta mchangani kingethibitisha tu kile ambacho taa ilishasema. Kipimo cha kisanduku peke yake kingetupeleka kwenye bati la sakafu na kutufanya tudhani tumemaliza. Ni kuviweka pamoja, hasa kwenye lami ambako hakuna aliyelalamikia giabokisi, ndiko kulikotenganisha mambo.

Upepo wa tairi, mafuta na usafi wa mapezi tulivibadilisha pamoja kabla ya kupima tena kwa 4L, na huo ni upungufu wa kazi hii. Digrii 5 zilizopatikana kati ya 104 na 99 zilitokana na upepo wa tairi, mafuta mapya na usafi wa mapezi kwa jumla. Siwezi kugawa nani alileta ngapi. Cha klachi ya feni tu ndicho kilichopimwa peke yake, na kilileta digrii 6 kwenye mafuta na 7 kwenye kiyoyozi. Kwa gari linalotakiwa kurudi kazini, kugawanya kila kimoja kungegharimu muda usiokuwepo.

Awamu ya kwanza ilishindwa kwa sababu ya kuamini mshale. Awamu ya pili ilishindwa kwa sababu ya kusoma alama sahihi kwa wakati usio sahihi, na ndiyo iliyoleta madhara halisi. Lakini kushindwa kulikonisumbua zaidi ni kwa daftari la gari. Bomba lililochomelewa bila kurudishiwa bati na sponji iliyotolewa bila kurudi vingekuwa vimeandikwa, lalamiko la dereva kuhusu goti lake lingepata jibu siku alipolitoa, kabla ya giabokisi kuingia kwenye hadithi. Aidha lalamiko hilo liliwekwa kwenye fungu la starehe, wakati harufu ya mafuta na hewa ya moto vinavyopanda kupitia mpira uliopasuka ni dalili kwamba njia ya kutoka chini ya gari mpaka kwa abiria iko wazi, pamoja na moshi wa bomba likitoboka.

Kuhusu giabokisi yenyewe, makubaliano na msimamizi ni haya: mafuta yanakaguliwa rangi na harufu kila gari likiingia huduma, na namba ya juu kabisa iliyoonekana kwenye kipimo kipya inaandikwa baada ya kila safari ya mchangani. Ikipita 110 kwa 4L bila trela, au gia ya tatu ikianza kuteleza mafuta yakiwa chini ya 90, giabokisi inashushwa na kufunguliwa bila mjadala mwingine.